Labu si alama za bure: nilipata 53 na bado nikaanguka kemia ya mwaka wa kwanza

Juzi usiku kama saa tano hivi nimemaliza kuosha vyombo nikapata meseji ya Wasapu kutoka kwa msichana mmoja ambaye husoma hizi makala zangu, yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu huko Kisumu. Ameandika hivi: "Dada pole kwa kukusumbua saa hizi. CAT ya kwanza ya kemia nimepata 6 kwa 15. Wenzangu wanasema labu ni alama za bure, unanakili ripoti ya mtu unapeana, nguvu zote unaweka kwa mtihani juu ndio unabeba maksi 70. Ni ukweli?"

(CAT ni jaribio la katikati ya semista, labu ni kazi ya maabara.) Nikamjibu hapana, nitakuandikia. Alafu usingizi ukakataa kabisa, juu hayo maneno yake ni yale yale mimi niliambiwa nikiwa mwaka wa kwanza, kwa sauti ile ile ya mtu anayekusaidia, na niliyaamini, na yalinigharimu mwaka mzima. Kwa hivyo hii namwandikia yeye lakini najua wengi wenu mnaosoma hapa mnataka kitu kile kile nilikuwa nataka, kutoka na digirii safi ya sayansi na kazi ya maana, basi someni wote.

Mimi ni wa Molo. Baba yangu analima waru, yaani viazi, na mwaka nilioingia chuo aliuza gunia za msimu mzima ndio nilipe karo na chumba. KCSE, ule mtihani wa kumaliza kidato cha nne, kemia nilikuwa nimepata A minasi, ya kwanza kwa shule yetu kwa miaka mingi, na kila mtu kijijini alijua. Nikaenda chuo kimoja huku magharibi, sitakitaja, nikiwa na hiyo A minasi kichwani kama taji. Kemia kwangu ilikuwa kitu nimeshamaliza, nilikuwa nangoja tu watu wengine wafike pale niko.

Wiki ya kwanza mhadhiri alitupatia kozi autlaini, ile karatasi ya mpango wa somo na maksi zake, kurasa mbili. Nilikunja nikaweka kwa begi na sikuisoma mpaka mambo yakaharibika. Sasa acha niwaambie ilikuwa inasema nini, maana kila chuo kina yake na za kwenu zinaweza kuwa tofauti, lakini yangu ilikuwa hivi: mtihani wa mwisho 70, CAT mbili jumla 15, labu 15. Kupita ni 40. A inaanza 70, B 60, C 50, D 40. Hapo ndipo watu huachia kusoma. Chini yake kulikuwa na sentensi moja, kwamba mwanafunzi lazima apate angalau asilimia 40 ya labu peke yake, la sivyo yuniti yote, yaani somo zima, ameanguka hata jumla yake iwe ngapi. Sentensi moja tu hiyo, na ndiyo iliniangusha.

Labu zilikuwa kumi, kila Jumatano saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, kila moja maksi 10. Ili uingie unahitaji dastikoti nyeupe, miwani ya kukinga macho, viatu vya kufunika vidole, na daftari gumu ambalo kurasa zimeandikwa namba. Kabla ya kuingia unajibu maswali matatu ya kuonyesha umesoma mwongozo. Ripoti inarudishwa Jumatano inayofuata, ukichelewa unakatwa.

Labu ya kwanza nilikosa, nilikuwa bado kwa foleni ya hosteli. Mbili nikakosa bila sababu ya maana, kule mvua hupenda kunyesha mchana na mimi nilikuwa nasema taitresheni, ile ya kupima nguvu ya alkali kwa asidi, nimefanya tangu kidato cha tatu, nitafundishwa nini tena. Ripoti mbili sikupeana, nilifanya kazi ya labu vizuri tu alafu nikaona uvivu kuandika. Sikuwa naona hizo sifuri kama kitu. Kila moja ilikuwa ndogo.

Lakini ile ambayo mpaka leo nikiikumbuka tumbo linakaza ni labu ya sita.

Ilikuwa taitresheni ya kawaida kabisa. Unapewa chupa ya sodiamu haidroksaidi, ndiyo alkali, ambayo haijulikani nguvu yake, unachukua sentimita za ujazo 25 na pipeti, ule mrija wa kunyonya kipimo kamili, unaiweka kwa flaski, unaongeza fenolfthalini ya kuipa rangi, alafu unashusha asidi ya haidrokloriki yenye nguvu ya molari 0.100 kutoka kwa bureti, mrija mrefu wenye alama za vipimo, mpaka ile pinki ipotee. Nilifika nimechelewa nusu saa. Chupa zilizobaki mezani kwa teknishani zilikuwa na herufi, nikapewa C. Sikuuliza herufi ni ya nini.

Nikafanya ya kwanza, asidi iliyotumika ikawa sentimita za ujazo 19.35. Nikaandika kwa penseli. Alafu nikaangalia daftari la jirani yangu wa benchi, yeye ameshamaliza tatu: 24.60, 24.55, 24.60. Nikaangalia la nyuma, nalo liko 24 na kitu. Nikashtuka. Nikasema mimi nimekosea, labda pipeti ilikuwa na hewa, na muda umeenda, sitamaliza. Nikachukua raba nikafuta 19.35 yangu. Nikaandika 24.55, 24.60, 24.60, nikabadilisha mpangilio kidogo ndio isifanane. Nikapiga hesabu ya nguvu ya alkali, 0.0983, safi, nikapeana ripoti siku hiyo hiyo kwa mara ya kwanza nikijisikia mwanafunzi mzuri.

Wengi wenu mliosoma Kenya mnajua hiyo tabia nilitoa wapi. KCSE kemia peipa ya tatu ni ya maabara, maksi 40, saa mbili na robo. Kwa taitresheni unapewa maksi ya kujaza jedwali, ya desimali, ya kukaribia namba ya mwalimu, ya kutafuta wastani vizuri, na ya wastani wenyewe kukaribia wa mwalimu. Namba ya mwalimu! Sisi tulikua tukijua kwamba kuna namba moja ya ukweli na mtu fulani anayo, kazi yako ni kuikaribia, na kama jirani zako wote wako 24 na wewe uko 19 basi wewe ndio umepotea. Hatukuwahi kuambiwa kwamba kipimo chako ni chako. Silaumu shule yangu kwa kila kitu, mkono uliofuta ni wangu, lakini hiyo tabia tuliingia nayo chuo tukiwa wengi.

Jumatano iliyofuata teknishani, mzee mmoja mpole ambaye sote tulikuwa tunamwita Mwalimu ingawa hakuwa mhadhiri, akaniita mbele kabla labu haijaanza. "Kuja hapa msichana. Ulitumia chupa gani?" Nikasema C. Akafungua kitabu chake. Chupa zilikuwa nne, A mpaka D, kila moja ametengeneza nguvu tofauti kwa makusudi. Ya jirani yangu ilikuwa A. Ya C ilitakiwa kutoa kama 19.4.

Mimi nilikuwa nimepata 19.35.

Nilikuwa na jibu sahihi. Nililipata kwa mikono yangu mara ya kwanza, nikiwa nimechelewa, nikiwa sijajiandaa, na nikalifuta kwa raba juu halikufanana na la mtu mwingine. Akageuza daftari langu kwa mwanga wa dirisha, na alama ya penseli ilikuwa bado inaonekana, 19.35, ile mikwaruzo. Aliangalia muda mrefu bila kusema kitu. Alafu akasema tu, "Hii ungeacha ningekupatia tisa." Akaandika sifuri. Darasa zima lilikuwa linasikia.

Mengine nitapita haraka maana hayana haja. Mtihani nilisoma kweli kweli, nikapata 41 kwa 70. CAT 8 kwa 15. Labu zangu kumi zilikuwa hivi: sifuri tatu za kukosa, sifuri mbili za ripoti, sifuri moja ya kupika namba, na nne nilizofanya nikapata 8, 7, 7 na 5. Hiyo ni 27 kwa 100, ambayo ukiipeleka kwa 15 inakuwa 4. Jumlisha: 41 na 8 na 4 ni 53. C. Ungeniona na C ungesema nimepita. Kwa ubao wa matokeo mbele ya jina langu kulikuwa na neno moja, kurudia.

Nilipomwambia baba kwa simu alinyamaza, alafu akauliza kama masomo yalikuwa magumu. Ningesema ndio yangeisha. Nikamweleza yote. Akasema, "Ingekuwa ni ugumu ningeelewa. Hiyo ya kuandika namba za mwingine mimi sijaelewa." Hatujawahi kuongea hiyo mambo tena na ni miaka tisa sasa.

Nilirudia mwaka uliofuata, nimekaa na watoto wa mwaka wa kwanza, labu zote kumi, na nikapata 88 kwa 100. Lakini kwetu ukirudia hata upate ngapi transkripti inaandika 40. Iko hapo mpaka leo, 40, D, na kila mahali nimeomba kazi wameniuliza kuhusu hiyo D. Mwaka wa tatu kemia ya uchanganuzi nilipata 74, na sio kwa bahati, ni kwa sababu nilikuwa nimejifunza kusoma bureti na kuamini macho yangu. Sai nafanya kazi kwa maabara ya maji hapa Nakuru.

Kwa hivyo mdogo wangu wa Kisumu, sikiliza. Toa ile autlaini usome leo, usome mpaka mstari wa mwisho, utafute kama kuna kiwango cha labu peke yake, cha kuhudhuria, na nini kinafanyika ukikosa labu kwa ugonjwa, maana mahali pengi unahitaji barua ya daktari mapema, sio mwisho wa semista. Kama hujaelewa, muulize mhadhiri, sio wenzako. Usiulize wenzako! Hao waliokuambia labu ni za bure hawatakuwa na wewe siku ya kurudia.

Alafu hesabu. 6 kwa 15 ya CAT inauma lakini ni alama 9 tu umepoteza, na kama chuo chenu kinagawa kama changu basi labu nayo ni 15 nzima, kila wiki kidogo kidogo, kitabu kikiwa mbele yako na teknishani akiwa hapo wa kuuliza. Mtihani wa 70 hakuna wa kukuuliza unaendeleaje katikati.

Ukiwa ndani ya labu, suuza bureti na ile asidi utakayotumia, lakini ile flaski ya chini usiisuuze na alkali, maji safi yanatosha, ukiisuuza na alkali umeongeza kitu hukupima. Toa faneli juu ya bureti kabla ya kusoma. Macho yawe sawa na usawa wa maji. Tone la mwisho kwa ncha ya pipeti usilipulize, pipeti ilitengenezwa ikihesabu kwamba hilo linabaki. Na usishangae mkiambiwa kwanza mpime upya nguvu ya sodiamu haidroksaidi, hiyo kitu inavuta unyevu na kaboni dioksaidi kutoka hewani, iliyotengenezwa wiki jana leo si ile ile. Hayo yote yako kwa mwongozo, sijabuni chochote, lakini nani husoma mwongozo? Soma mwongozo. Ni kurasa nne.

Na andika kwa wino. Nikikuachia kitu kimoja ni hicho. Umeona 19.35, andika 19.35 kwa wino, hata dunia nzima iko 24. Ukigundua umekosea kweli, piga mstari mmoja ile namba ibaki inasomeka, andika kando kwa nini, endelea. Ripoti yenye namba mbaya iliyoelezwa vizuri, sababu zimetajwa, hupata maksi nyingi kuliko unavyodhani, nimeshasahihisha ripoti za wanafunzi wa mafunzo hapa kazini najua ninachosema.

Mwezi jana tuliletewa maji ya kisima cha shule moja ya msingi huku kwetu. Mnajua maji ya hili Bonde la Ufa na floraidi, madini ambayo yakizidi huacha meno na madoa ya kahawia, mnajua meno yetu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mimi nikapata 4.2. Mwenzangu akaniambia hiyo haiwezekani, visima vyote vya pale karibu viko chini ya 2, rudia labda elektrodi, ile fimbo ya kupimia, haijasafishwa. Nikasafisha, nikarudia mara tatu. 4.2, 4.1, 4.2. Nikaandika hizo zote, na ile ya kwanza pia, kwa wino, nikatia sahihi. Watoto wa hiyo shule sai wanaletewa maji ya tanki.

Umeniambia labu yenu pia ni Jumatano. Bado uko na siku mbili. Nunua kalamu mbili za wino wa buluu, penseli acha hosteli, na ukipewa chupa uulize herufi ni ya nini.