Moto wa Mabanda: Tubomoe Wapi, Tumwagie Maji Wapi?

Barua za safari hii zimetoka zaidi Mukuru, Kibera na Mathare, jijini Nairobi. Karibu zote zinauliza jambo moja: moto ukizuka na gari la zimamoto likiwa bado njiani, sisi tulio hapa tufanye nini? Tunaanza na swali lenye ubishi mkubwa zaidi.

Moto ulipozuka kwetu, vijana walianza kubomoa nyumba inayopakana na ile iliyokuwa ikiwaka. Moto ukawapita. Sasa mwenye ploti anadai walimharibia bure. Je, kubomoa kunasaidia kweli? (Mpangaji, Mukuru kwa Reuben)

Kunasaidia. Mahali ambapo vyumba vimebanana bati kwa bati, pengo huzima moto kuliko ndoo. Vijana wenu hawakukosea kubomoa, walikosea mahali pa kuanzia. Chumba cha futi kumi kwa kumi huchukua muda kuvuliwa chote pamoja na mbao na vilivyomo, na moto hausubiri. Ukianzia kwa jirani wa anayeungua, joto litakufukuza kabla hujang'oa misumari kumi. Tazameni kwanza moshi unalalia upande gani, mruke vyumba vitatu au vinne upande huo, muanzie hapo. Kama pana kichochoro au mtaro karibu, anzeni kandokando yake, kwa kuwa nusu ya pengo mmeshaipata.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu kwa macho linafanana na kazi nzuri. Mabati yanaezuliwa mbiombio, yanatupwa kando, watu wanahamia chumba kinachofuata. Huku nyuma yamebaki magodoro ya sponji, mapazia, na zile katoni zilizobandikwa ukutani kuzuia baridi. Bati lilikuwa kifuniko chao. Ukishaliondoa, cheche zinatua moja kwa moja juu ya godoro, na chumba hicho kinawaka upesi kuliko kama mngekiacha kilivyo.

Kwa hiyo watu watoke kwanza, kisha mtungi wa gesi, kisha magodoro na nguo, kisha katoni na nailoni za ukutani. Hapo ndipo bati linang'olewa, na mbao mwisho. Mbao zibebwe mbali, zisirundikwe kichochoroni, maana kichochoro kilichojaa mbao si pengo tena. Zana zenyewe ni chache: nyundo za kung'oa misumari, mitaimbo miwili, shoka, glavu nzito, na kamba nene yenye ndoano. Nguzo ya kona ikifungwa kamba na kuvutwa na watu sita, ukuta mzima hulala. Ziwekwe mahali panapojulikana na wote, zisifungiwe chumbani kwa mtu anayeondoka kwenda kibaruani alfajiri.

Kuhusu mwenye ploti, ana haki ya kununa kama hapakuwa na makubaliano. Mtaa wenye busara huandika mapema, kabla moto haujazuka: nani anaamua pa kubomoa, na kwamba vyumba vilivyosalimika vitachanga mabati na misumari ya yule aliyebomolewa. Bila karatasi hiyo, kila mtu atasema "si kwangu", na dakika tano zitaishia kwenye mabishano.

Tunapanga mstari na kupokezana ndoo za maji ya mtaro, lakini moto hauzimiki. Tunakosea wapi? (Kijana, Mathare)

Mnamwagia maji chumba ambacho kimeshakufa. Moto ukishatokea paani, ndoo ya lita 10 inageuka mvuke kabla haijafika chini. Achaneni na chumba hicho. Maji yaende kwenye kuta na mapaa ya majirani ambao bado hawajashika, ili bati lipoe na mbao iliyo nyuma yake isipate joto la kuwaka. Maji ya mtaro yanafaa, mradi yasiwe yanang'aa mafuta juu wala kunuka petroli.

Mstari uwe wa pande mbili: ndoo zilizojaa zipite upande huu, tupu zirudi upande ule. Mstari mmoja hukwama kila ndoo tupu inapokutana na iliyojaa. Mtu wa mbele abadilishwe mara kwa mara, na anapomwaga alenge chini, kwenye kinachoungua, si kwenye ndimi za moto. Moto wa mafuta ya taa uliomwagika sakafuni haumwagiwi maji hata kidogo, kwani mafuta huelea na kusambaa nayo. Huo ni wa mchanga, au blanketi lililoloweshwa na kukamuliwa.

Je, ni kweli mtungi wa gesi hulipuka kama bomu? (Mama mboga, Kibera)

Ni kweli, mama, ukipikwa na moto wa nje. Ile milio ambayo watu husema ni mabomu mara nyingi ni mitungi ya kilo 6. Madhara yake si vipande vya chuma peke yake. Mlipuko mmoja tu, na mstari wote wa ndoo unatawanyika na haurudi tena. Ndiyo maana tumesema mtungi utoke kabla ya godoro, ungali baridi, vali ikiwa imefungwa, umesimama wima, upelekwe uwanjani. Uliokwisha kulambwa na moto usiuguse. Sauti ya gesi inayotoka ikianza kupanda kama filimbi, kimbieni mjifiche nyuma ya kitu kizito.

Moto ukishika kwenye mpira au kichwa cha jiko wakati unapika, funika mkono kwa kitambaa kilicholowa na ufunge vali. Isipofungika, usiuzime ule mwali. Gesi inayotoka bila kuwaka ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, hupenya chini ya mlango wa jirani na kulisubiri jiko lake. Afadhali iendelee kuwaka hapo huku mkiondoa vitu vya karibu na kupoza mtungi kwa maji kutoka mbali.

Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye vali na maungio ya mpira. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Wengi hujaribu kwa kiberiti. Ni njia ya haraka ya kujua, na huenda ikawa ya mwisho.

Ploti yetu ina vyumba kumi na stima ya sambaza, yaani waya mmoja tunaogawana wote. Taa hufifia jirani akipiga pasi. Hiyo ni hatari? (Msomaji, Mukuru kwa Njenga)

Hiyo ni waya inayoomba msaada. Piga hesabu: jiko la koili la wati 1,500 kwenye umeme wa volti 240 huvuta ampea 6 na ushei. Vyumba kumi vikiwasha saa moja jioni, mnavuta zaidi ya ampea 60. Waya wa milimita 2.5, ambao mafundi wengi hutumia kwa soketi, unabeba takriban ampea 20. Ukilazimishwa kubeba zaidi ya hapo unapata moto, na joto hujikusanya penye kiungo, hasa kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni badala ya tepu ya umeme, kikapitishwa juu ya katoni ya dari. Hapo ndipo moto huanzia, usiku, wote wakiwa wamelala.

Gusa plagi baada ya kupika. Ikiwa moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, acha kuitumia. Ekstensheni iliyoviringwa ifunguliwe yote. Na kama stima lazima igawanywe, basi taa na simu tu; koili itoke kwenye orodha.

Moto ukizuka, zimeni swichi kuu ikiwa mnaifikia bila kupita motoni. Msikate waya wa nguzo kwa panga. Bati lililoangukiwa na waya huuma kutoka mwisho mmoja wa ploti hadi mwingine, na mwenye ndoo amesimama kwenye tope. Dharura za Kenya Power ni 97771. Piga, utaje jina la mtaa na alama iliyo karibu na transfoma.

Kwa nini gari la zimamoto huja bila maji? Kwetu watu walilipiga mawe. (Asiyetaka kutajwa, Kibera)

Hasira inaeleweka: mtu anatazama mali ya miaka kumi ikigeuka majivu. Lakini mara nyingi gari halikuja tupu. Gari lenye lita 5,000, likitoa lita 400 kwa dakika, huisha baada ya dakika kumi na mbili hivi. Anayefika ya kumi na tatu huona mipira imelala chini na kuamini hapakuwa na maji. Shida ya kweli ni kwamba hakuna mahali pa kulijaza tena karibu, na kwamba gari lenyewe limesimama barabarani kwa sababu njia ya kuingia ina meza za biashara na waya zinazoning'inia chini ya paa lake. Jiwe moja kwenye kioo, dereva anarudi nyuma, na upande wenu unaungua peke yake.

Wekeni watu wanne wenye sauti. Mmoja apige 999 au 112 na aseme ni wapi, kinaungua nini, na gari liingilie njia gani. Mwingine asimame barabarani kulipokea na kuliongoza, pikipiki ikitangulia. Wawili waondoe meza na kuinua waya kwa mti mkavu. Mtu mmoja tu ndiye aseme na afisa wa zimamoto. Hamsini wakimvuta shati, hatasikia aliye na habari kwamba kuna mtoto ndani.

Jambo hilo la njia lina dawa ya kudumu: kupanua barabara za ndani, ingawa si rahisi. Mukuru ilipotangazwa eneo maalumu la mipango na Kaunti ya Nairobi mwaka 2017, upana wa barabara za ndani ulikuwa kati ya mambo yaliyobishaniwa sana, kwa kuwa kila mita ya barabara ni mita ya chumba cha mtu.

Natoka kazini usiku, nawafungia watoto kwa kufuli la nje. Nifanyeje? (Mama wa wawili, Mathare)

Usifunge kwa nje, mama. Tumia komeo la ndani ambalo mkubwa wao anaweza kulifungua gizani. Mfundishe akiwa amefumba macho, mara tatu nne. Kama huna budi kufunga, ufunguo wa pili uwe kwa jirani anayelala nyumbani kila siku, si kwa shemeji wa mtaa wa pili. Waambie watoto watambae chini, kwa sababu moshi wa godoro la sponji una sumu na hukaa juu kwanza.

Kengele za moshi zinafaa kwenye banda? (Mhandisi mwanafunzi, Nairobi)

Za kawaida zitalia kila chapati ikikaangwa, na baada ya wiki mtu atazitoa betri. Kule Cape Town walitengeneza kifaa kiitwacho Lumkani kinachopima jinsi joto linavyopanda kwa kasi, si moshi, na kuviamsha vifaa vya majirani pia. Ambaye hana hicho ana filimbi, au sufuria na bati. Kubalianeni mlio mmoja ambao hautumiki kwa mwizi.

Tunaishi karibu na Lunga Lunga. Mafuta yakivuja tena kwenye mtaro tufanye nini? (Msomaji, Viwandani)

Mwondoke, mkipanda juu na kuelekea upepo unakotoka. Mnamo Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kutoka bomba ilifika kwenye mtaro wa mtaa wa mabanda wa Sinai, huko huko Lunga Lunga, watu wakaenda kuchota, na wapatao 100 wakafa. Mvuke wa petroli hutambaa na mtaro hadi kwenye jiko ambalo mwenye ndoo hata halioni. Msiwashe pikipiki wala kupiga simu mkiwa pale pale. Tokeni kwanza, kisha mpige.

Mtu akiungua tumpake nini? (Wengi)

Maji safi yanayotiririka, ya kawaida, yasiwe ya barafu, kwa dakika 20. Vua pete na saa mapema, kabla vidole havijavimba. Nguo iliyonata ngozini iachwe. Funika kwa kitambaa safi bila kukaza. Dawa ya meno, unga, yai na samli vinashika joto ndani na vitabanduliwa tena hospitalini, kwa maumivu. Aliyeungua uso, au mwenye masizi puani na sauti ya kukwaruza, aende hospitali hata kama anasema yuko sawa, kwani koo huvimba baadaye. Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199.

Moto umezimika. Watu wanajenga usiku huohuo wakiogopa kunyang'anywa kiwanja. Tuanzie wapi? (Katibu wa kamati, Mukuru)

Anza na orodha kabla ya misumari. Kesho yake patakuwa na majina hewa mengi kuliko vyumba. Andikeni nambari ya chumba, mwenye ploti, mpangaji na idadi ya watoto, kila kimoja katika safu yake. Mpangaji akikosekana kwenye safu yake, msaada utaishia kwa mwenye ploti, naye mpangaji ndiye aliyepoteza sufuria. Piga picha mipaka ya zamani ingali inaonekana kwenye majivu, majirani wa pande zote mbili wakiwepo, kisha pigilia vigingi. Hapo hofu ya kunyang'anywa inapungua, na mnaweza kuzungumzia kuacha njia pana kuliko ya jana. Mkishaezeka, hakuna atakayekubali kurudi nyuma hata futi moja.

Bati lililopita motoni limepoteza zinki. Utaliona lina rangi ya samawati iliyochafuka au unga mweupe, na mvua ya kwanza italitia kutu. Litumie kwa ua au choo, si paa. Vitambulisho vilivyoungua vinahitaji abstrakti ya polisi. Chukua moja kwa kila mtu mzima, nakala kadhaa, kwa sababu cheti cha shule kitaidai pia. Usichelewe kurudisha laini ya simu, kwa sababu pesa zako za M-Pesa unazifikia kwa laini hiyo.