Ursaluna na raundi nne: kumtumia mzito kwenye mapambano ya wawili kwa wawili

Kosa ninaloliona sana kwa wachezaji wa Pokémon, mchezo wa video wa kupambanisha viumbe, hapa Nairobi ni kumhurumia mzito, yaani mwenye kasi ndogo. Mtu anampata Ursaluna, Pokémon mwenye umbo la dubu, anaona kasi yake ya msingi ni 50, anammiminia EV (pointi za mafunzo) 252 za kasi. Hazisaidii. Katika kiwango cha 50, Ursaluna aliyeongezewa kasi hadi mwisho hufika 112, ilhali Pokémon mwingine, Garchomp, asiyeongezewa hata moja ana 122. Pointi zimeisha na bado anapigwa kwanza.

Mpunguze kasi zaidi. Trick Room, mbinu ya vitani, hugeuza foleni ya kupiga kwa raundi chache: ni kama stejini, aliyefika mwisho ndiye anayepanda matatu kwanza. Kwa hiyo mtafutie IV (pointi za kuzaliwa, 0 hadi 31) ya kasi ya 0 na tabia ya Brave, inayopunguza kasi na kuongeza Attack, na kasi itashuka hadi 49. Akibaki na IV 31, Brave huyo huyo ana 63. Usidharau tofauti hiyo. Iron Hands naye ana kasi ya msingi ya 50; aliyeshushwa vizuri atakutangulia na Drain Punch, pigo la aina ya Fighting, na Ursaluna ana aina ya Normal, ambayo huumia vibaya kwa mapigo hayo. Tabia hubadilishwa kwa kifaa kiitwacho mint, lakini IV 0 huzaliwa nayo. Mvishe mzazi mwenye IV hiyo ya 0 kifaa cha Power Anklet, mtoto atairithi.

EV weka 252 kwenye HP (uhai), 252 kwenye Attack (nguvu ya kupiga), na 4 kwenye Special Defense (ulinzi). Unapata HP 237 na Attack 211.

Kifaa cha kumbebesha ni Flame Orb. Humuunguza mwisho wa raundi ya kwanza, na hapo uwezo wake wa Guts unazidisha Attack mara 1.5, huku nguvu ya shambulizi lake la Facade ikipanda kutoka 70 hadi 140. Moto unakula HP 14 kila raundi. Kubali bei hiyo. Kuna faida nyingine ambayo wengi huisahau: aliyeungua halali usingizi. Amoonguss ana kasi ya msingi ya 30, kwa hiyo ndani ya Trick Room anakutangulia, lakini Spore yake, mbinu ya kulaza usingizi, haimshiki Ursaluna aliyeungua. Raundi ile ya kwanza, kabla moto haujawaka, bado anashikika, basi tumia Protect, mbinu ya kujikinga raundi hiyo.

Mashambulizi mengine ni Headlong Rush, kwa Pokémon wa aina ya Ghost (mizimu) ambao Facade haiwagusi, na Earthquake, ambayo humpiga mwenzako pia. Chunga hapo.

Mwenzake mzuri, wa kumwekea Trick Room, ni Farigiraf. Uwezo wake wa Armor Tail unazuia mbinu zinazotangulia foleni: Fake Out, pigo linalompotezea mtu zamu, na hata Taunt (inayozuia mbinu zisizopiga, kama Trick Room) ya wenye Prankster, uwezo unaoitanguliza. Taunt ya kawaida inapita, ndiyo maana anabeba Mental Herb, kifaa kinachoiondoa.

Sasa hesabu. Trick Room hudumu raundi 5, na ile ya kuiweka ni mojawapo. Tena huja mwisho kabisa wa raundi hiyo. Una raundi 4 za kupiga, na mpinzani atajificha kwa Protect ili azimalize. Ukiiita tena kwenye raundi ya 5 unaizima tu, wala huiongezi. Subiri ya 6: Farigiraf aiweke upya, Ursaluna akae nyuma ya Protect.