Kuhusu huo mti wako wa cheri

Mwanangu,

Umeniuliza kama Amanogawa, huo mcheri wa maua, utaenea kwenye hicho kibustani chako cha Leicester, Uingereza, au utabanana na uzio wa jirani. Utaenea mama, ule unakimbilia juu tu, ukizeeka unaweza kufika mita 8 na upana wake ni mdogo tu. Ila mi nisingeuliza upana, ningeuliza nani atashika msumeno.

Si unaukumbuka wa nyumba ya zamani, ule mliokuwa mnapigia picha Idi ikiangukia Aprili? Mi nilikuwa Tanga msibani, Januari ile, mama yako akamwita bwana mmoja wa kusafisha bustani na yule bwana bila kuulizwa na mtu akaupogoa kichwa eti uwe sawa na ua wa jirani, akalipwa, na chai akanywa! Maua yalitoka vizuri tu. Kufika Juni majani ya upande mmoja yakageuka rangi ya fedha, yanang'aa, wageni wanasifia. Nikakata tawi, ndani kuna baka la kahawia. Ni kuvu, ile inayogeuza majani rangi ya fedha, inaingilia kwenye vidonda vibichi msimu wa mvua na baridi, ndo maana cheri hukatwa kati ya Juni na Agosti, siku kavu. Mti haukatwi mwenyewe hayupo.

Mama yako mpaka leo anasema ugonjwa ulikuja nao kutoka dukani. Inawezekana, sikatai, miche ya duka huwezi kujua. Lakini mbona ulianzia tawi lile lile alilokata yule bwana? Basi, tuyaache.

Wewe nunua mche usio na kopo, ule wa mizizi mitupu, kati ya Novemba na Machi, bei yake nafuu. Weka penye jua na pasipotuama maji, halafu kiangazi cha kwanza na cha pili usiusahau kwa maji. Na angalia pale chini ulipobebeshwa, manake umebebeshwa juu ya shina la cheri nyingine kama michungwa ya babu yako Muheza ilivyo juu ya mlimau, hapo pabaki juu ya udongo, na chipukizi lolote likitokea chini yake ling'oe, hilo sio Amanogawa.

Sasa nisikwambie upande au usipande, nyumba yenu na mumeo, mtaamua wenyewe. Maua yenyewe ni wiki mbili hivi, upepo ukija hata hizo hazifiki, pinki imepauka, harufu kidogo mpaka usogeze pua. Wiki mbili kwa mwaka mzima! Japo majani ya vuli, yakikaribia kupukutika, nayo mazuri, mekundu yale... haya, sijasema kitu. Ila nakurudia, mti haukatwi mwenyewe hayupo, na huyo shemeji yako mwenye msumeno wa umeme mwambie mapema.

Ukienda kununua nipigie video nilione shina, usimsikilize muuzaji peke yake.

Baba