Maswali na majibu: Lady Butler, mchoraji wa askari waliochoka

Tangu nimtaje Elizabeth Thompson, mchoraji Mwingereza aliyeitwa Lady Butler baada ya mumewe kupewa cheo cha Sir, maswali hayajakoma. Nayajibu manne.

Aliwahi kufika vitani?

Hakuwahi kuona mapigano. Alizaliwa 1846 Lausanne, Uswisi, akajifunza sanaa London na Florence. Pengo la kutoona vita alilijaza kwa bidii. Alipotaka kuchora mapambano ya Quatre Bras, Ubelgiji, ya 1815, askari 300 walimpangia mraba, safu za kujilinda pande zote nne, huko Chatham, Uingereza, na kufyatua bunduki mbele yake. Kisha akanunua kipande cha shamba la nafaka, akaingia na watoto kulikanyaga, aone mabua yaliyovunjika yanavyolala.

Ule mchoro wa 1874 ulikuwa na nini hata polisi akawekwa kuulinda?

Unaitwa *The Roll Call*. Ni baada ya pambano katika Vita vya Krimea, Waingereza na washirika wao dhidi ya Urusi. Askari wamejipanga kwenye theluji, sajini anahesabu waliobaki. Hakuna bendera inayopepea kwa ushindi. Mmoja ameanguka palepale kwenye safu na mwenzake ameinama kumwangalia. Kwangu mimi, mchoro wote uko katika mgongo ule ulioinama. Wachoraji wengi wa vita walimweka jenerali katikati. Yeye aliwaweka hawa wasio na majina, kila mmoja na uso wake. Watu walifurika Royal Academy, chama cha wasanii cha London, kuutazama, na Malkia Victoria akaununua. Mchoraji alikuwa na miaka 27.

Kwa nini basi hakuingizwa Royal Academy?

Mwaka 1879 alipigiwa kura, akakosa kwa kura mbili. Chama hicho kilianzishwa 1768 kikiwa na wanawake wawili, kisha hakikumchagua mwingine hadi 1922. Uwezo wake ulikuwa ukutani kwao, wote wameuona. Dhuluma hii bado inaniuma.

Alipoolewa aliacha kazi?

La. Aliolewa 1877 na William Butler, afisa wa jeshi kutoka Ireland, wakapata watoto sita, naye akaendelea kuchora. Tazama *The Remnants of an Army* ya 1879: daktari William Brydon anafika Jalalabad, Afghanistan, mwaka 1842, baada ya jeshi la Waingereza lililotoka Kabul kuangamia njiani. Mpanda farasi amelegea, hajiwezi. Ila mimi macho yangu huishia kwa farasi, shingo imenyooka, miguu inakaribia kukunjika, na ngome bado iko mbali.