Kodi ya seremala ambaye mkewe ameajiriwa

Ndugu, umeuliza namna ya kupunguza kodi ya serikali kwenye mapato ya karakana yako hapa Kenya, ilhali mkeo ni mwalimu anayekatwa kodi kwenye mshahara. Tafadhali usimwandikie mshahara wa karakana ili kugawa faida, kwani ikiwa kipato chake kimeshapita shilingi 388,000 kwa mwaka, nyongeza hiyo itatozwa asilimia 30 au zaidi, na malipo ya kazi ambayo hakuifanya si gharama halali.

Lenye uzito zaidi ni kodi ya mauzo ya asilimia 3, inayotozwa kwenye mauzo yote na ambayo haijali faida. Ukiuza samani za shilingi milioni 2 na kubakiwa na faida ya 300,000, utalipa 60,000. Lakini ukimwarifu Kamishna wa kodi kwa maandishi kwamba umechagua kodi ya kawaida, inayotozwa kwenye faida, utadaiwa 3,000 tu baada ya kutoa kwenye kodi ya 31,800 nafuu yako binafsi ya mwaka ya 28,800. Hapo, nakusihi, kila ubao na kila msumari unaonunua uwe na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, maana gharama isiyo na ankara hiyo hukataliwa. Michango kwenye mfuko wa pensheni uliosajiliwa, hadi 30,000 kwa mwezi, nayo hupunguza kiasi kinachotozwa.