Kabla hujamlipa mchoraji wa hao mbilikimo saba, soma hapa

Mleta uzi, simama hapo hapo. Usimtumie mchoraji hata shilingi. Umeandika kwamba kwenye kitabu chako cha watoto Snow White, yule binti wa kisa cha kale cha Wajerumani ndugu Grimm, atakuwa binti mweusi wa Kibosho, mama wa kambo ana saluni Moshi mjini, na mbilikimo saba utawaachia "majina yale yale ya kwenye katuni ili watoto wawatambue". Nilipofika kwenye hiyo sentensi nikaweka kikombe chini. Hapo ndipo nilipozama mimi, na nakala 740 ziko stoo kwa mama mpaka leo. Ameziegemeza gunia la mchele, anasema panya hawazitaki.

Mwaka 2019 niliandika kitabu cha watoto cha nguva wa Kilwa. Mweusi tii, nywele amesuka, baba yake sultani wa bahari. Nikajiona nimeleta mapinduzi. Kumbe kichwani sikuwa na hadithi ya nguva ya 1837 ya Andersen, mwandishi wa Denmark, nilikuwa na katuni ya Disney ya 1989 niliyoitazama kwa jirani kwenye kanda ya video. Nikamwita Arieli, nikadhani hiyo i ya mwishoni imeshamfanya mtu wa kwetu. Nikaweka kaa anayeimba. Nikaweka mchawi mwenye mikono ya pweza. Kwa Andersen hakuna kaa wala pweza, na nguva mwenyewe hana hata jina! Mchawi anamkata ulimi, kila hatua anayopiga nchi kavu ni kama anakanyaga visu, mtoto wa mfalme anaoa mwingine, na yeye anageuka povu la bahari. Hayo yote yalikuwa wazi, bure, na mimi sikuyagusa kwa sababu sikuyajua.

Aliyeniingiza mkenge ni "mshauri wa uchapishaji" mmoja. Semina ya Jumamosi, 150,000, soda moja na sambusa iliyopoa. Akasimama mbele anatuambia: hadithi za kale hazina mwenyewe, badilisha rangi na majina, ingia sokoni. Nusu ya maneno yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyonimaliza. Hadithi haina mwenyewe. Sura, majina na nyimbo ambazo studio imezibuni juu ya hiyo hadithi zina mwenyewe, tena mwenye mawakili. Nilipompigia baadaye akaniambia nilipaswa "kujiongeza". Nijiongeze na nini, na hela zote anazo yeye?

Mchoraji nilimpa 900,000. Kiwandani nikatoa nakala 1,000. Nikapata mnunuzi wa nakala 400 za maktaba za shule, nikaanza kupiga hesabu za bati la nyumba. Yule dada akafungua kurasa mbili, akanyamaza, akachukua simu yake, akaigeuza upande wangu: bango la ile filamu. Nywele zimesukwa, ndiyo, lakini mkao ule ule, jiwe lile lile, wimbi linapiga nyuma vile vile. Akasema, "Kaka yangu, hii tukiinunua tutaitwa mahakamani wote wawili." Akanirudishia kitabu kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayerudisha sahani ya msibani.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Nikaenda kukisoma darasa la tatu, shule moja ya jirani. Ukurasa wa nne binti mmoja kanyoosha kidole: "Mwalimu, huyu si yule wa kwenye katuni, wamempaka rangi?" Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, nikajifanya nakohoa. Mkitaka kunicheka na nyinyi chekeni, nimeshazoea.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu: tafuta maandishi ya kale, yasome mpaka mwisho, NDIPO ushike kalamu. Na uangalie tafsiri unayoisoma, maana tafsiri mpya nayo ina haki zake. Kwa Grimm, ile ya Kiingereza ya Margaret Hunt ya 1884 inatosha.

Sasa ona ulichokuwa unakiacha. Mbilikimo wa Grimm, kisa kilichochapwa mara ya kwanza 1812, hawana majina. Yale unayoyajua yametoka kwenye filamu ya Disney ya 1937. (Na neno mbilikimo lenyewe lifikirie, darasani kuna mtoto mfupi atakayeitwa hivyo mwaka mzima.) Malkia anakuja mara tatu: kwanza na kamba za kumbana kifua, pili na chanuo lenye sumu, tatu ndiyo tofaa. Chanuo! Wewe mama yako wa kambo ana saluni na ulikuwa unakwenda kuhangaika na tofaa! Busu nalo hakuna. Wabeba jeneza wanajikwaa, kipande cha tofaa kinamtoka kooni. Halafu mwanzoni kabisa mama ameketi dirishani anashona, fremu ya dirisha ni ya mpingo, anatamani mtoto mweupe kama theluji, mwekundu kama damu, mweusi kama ule mpingo. Huo weusi unaotaka kuuleta kwa brashi, mti wake umo humo ndani, na ni mti wa kwetu.

Wazee wa Unguja walijua kazi hii. Kisa cha Sultani Darai, kilichochapwa na mmisionari Mwingereza Steere mwaka 1870, ni ndugu wa yule paka wa Mfaransa Perrault wa 1697 anayemtajirisha bwana wake fukara. Hawakumpaka rangi paka. Wakaleta paa, aliyenunuliwa kwa thumni na Maskini Hamdani aliyekuwa akichakura jaani kutafuta punje za mtama, wakampa na mwisho wao mchungu. Ukikisoma hukumbuki kuna paka popote.

Uliuliza pia kuhusu aina ya karatasi na bei ya kuuzia, sivyo? Wengine watakujibu, mimi bei yangu ya mwisho ilikuwa kumgawia shangazi. Wewe weka hapa majina mapya ya hao saba leo hii, kabla mchoraji hajafika ukurasa wa tano.