Kabla ya kusoma mababa wa Kanisa, soma Wagiriki kidogo

Vijana wa kikundi chetu cha kusoma huniuliza: Mkristo ana haja gani na Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale? Mara nyingi anayeuliza ameshafungua Wakolosai 2:8, pale Paulo anapowaonya waamini wasitekwe na elimu ya bure na madanganyo matupu. Swali ni la haki. Ushauri ninaowapa ni kuuweka kando kwanza ule mjadala wa kama falsafa ni adui au rafiki, na kufungua Matendo sura ya 17.

Soma taratibu kuanzia mstari wa 16. Paulo yuko Athene, anahojiana sokoni na Waepikureo na Wastoiko, wafuasi wa shule mbili za falsafa, kisha anapelekwa Areopago, mbele ya baraza la mji. Pale hamtaji Isaya wala Daudi, kwa kuwa wasikilizaji wale hawakuwajua. Anawatajia mshairi wao wenyewe: sisi sote tu wazao wake. Maneno hayo yamo katika utenzi wa Aratus, mtu wa Kilikia kama Paulo, na humo yanamhusu Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki! Paulo anayachukua na kuyaelekeza kwa Mungu aliyeumba ulimwengu. Sasa endelea hadi mstari wa 32. Anapotaja ufufuo wa wafu, baadhi yao wanamdhihaki, naye halegezi neno. Zingatia yote mawili, alichoazima na alichokataa kukiacha, maana ndivyo utakavyowasoma mababa wa Kanisa, yaani waandishi Wakristo wa karne za kwanza waliomfuata.

Kisha soma Utetezi wa Sokrates, ulioandikwa na Plato, mwanafunzi wake. Ni mfupi na hauhitaji mwalimu. Mzee wa miaka 70 anashtakiwa mwaka 399 KK kwa kupotosha vijana na kutoiamini miungu ya mji, na anahukumiwa kufa. Nasisitiza uanze na huyu kwa sababu Wakristo wa kwanza nao waliitwa watu wasio na Mungu, kwa kuwa hawakuitolea sadaka miungu ya Dola la Roma.

Sasa uko tayari kwa Yustino Mfiadini, ninayempenda kuliko wote. Alizaliwa Palestina, katika mji unaoitwa Nablus leo, akazunguka kwa walimu akimtafuta Mungu. Mstoiko hakuwa na la kumwambia juu ya Mungu. Mfuasi wa Aristotle alitaka ada mapema. Mfuasi wa Pythagoras alimtaka ajue kwanza muziki, elimu ya nyota na jiometri. Wafuasi wa Plato walimridhisha, mpaka alipokutana na mzee mmoja kando ya bahari aliyemweleza habari za manabii. Akawa Mkristo, lakini joho la mwanafalsafa hakulivua. Katika Utetezi wake wa kwanza anasema walioishi kwa kumfuata Neno (kwa Kigiriki Logos, yaani pia akili), ambaye kwake ndiye Kristo, walikuwa Wakristo hata kama walidhaniwa hawana Mungu, na wa kwanza kuwataja kati ya Wagiriki ni Sokrates na mwanafalsafa Heraclitus. Ukiwa umetoka kumsoma Sokrates, sentensi hiyo itakutikisa. Karibu mwaka 165 Yustino alihukumiwa kifo Roma na liwali Junius Rusticus, Mstoiko aliyemfundisha falsafa Kaisari Marcus Aurelius.

Mtu atakuja na swali la mwandishi Mkristo Tertuliani wa Karthago: Athene ina nini na Yerusalemu, yaani falsafa ina nini na imani? Mwombe asome pia kitabu cha huyo huyo Tertuliani juu ya roho. Humo anakubaliana na Wastoiko kwamba roho ni kitu chenye mwili, na anasema Seneca, Mstoiko wa Roma, ni wetu mara nyingi. Hata mkali kuliko wote hakuikataa falsafa nzima. Alipima hoja moja moja. Klementi wa Aleksandria, mwalimu Mkristo, yeye alisema wazi kwamba falsafa iliwalea Wagiriki kuelekea kwa Kristo kama Torati ilivyowalea Waebrania. Ndiyo maana sishangai kwamba katika seminari kuu za Kikatoliki falsafa husomwa kabla ya teolojia.

Usomapo, gawa ukurasa wa daftari katikati. Upande mmoja andika alichochukua mwandishi kwa Wagiriki, upande wa pili alichokataa. Katika kikundi chetu, upande wa pili hurudia neno moja: mwili. Wafuasi wa Plato walitamani roho itoke mwilini. Wakristo walisubiri mwili ufufuke. Celsus, mwanafalsafa aliyeandika kuwapinga Wakristo karibu mwaka 178, aliliita hilo tumaini linalowafaa funza, na Origenes, mwalimu Mkristo, akamjibu kwa vitabu 8. Usiuruke ugomvi huu kwa kutaka amani kati ya Athene na Kanisa. Wote wawili walijua kinachogombaniwa.

Mkifika kwa Augustino, askofu wa Hippo, msianzie mwanzo wa Maungamo yake. Fungueni kitabu cha 7. Anasimulia kwamba katika maandiko ya wafuasi wa Plato alikuta, kwa maana ile ile, kuwa hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwa Mungu. Kwamba Neno alifanyika mwili akakaa kwetu, hilo hakulikuta humo.